Dawa ya sonona kwa maumivu ya mwili mzima: usiitupe chooni kabla hujasoma hapa

1.
Mwakeye mama zangu wa Rungwe Mpya, na nyie wa Makere, Kasulu mjini mpaka Kibondo mnaofuatilia ukurasa huu. Somo la leo ni refu, kwa hiyo nitaliweka vipande vipande. Nyonyesha mtoto, bandika maharage, halafu kaa usome mpaka mwisho. Na akina baba wa familia changa, leo nawahitaji kweli kweli, msipite tu.

Kuna swali linanijia inboksi kila wiki, kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: "Nesi, nilienda hospitali kwa maumivu ya mwili, nikapewa amitriptilini. Nimefika dukani kuongezea dozi, muuzaji ananiangalia kwa jicho la pembeni, ananiambia hii ni dawa ya wagonjwa wa akili. Kwani mimi ni wa Mirembe?"

Wengine hawaulizi hata. Wakishasikia hivyo, vidonge vinaishia chooni na maumivu yanabaki palepale.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kupewa dawa ya sonona kwa ajili ya maumivu sio kuambiwa una kichaa, wala sio kuambiwa unajifanyisha. Ni matibabu halali ya maumivu halali. Na mama anayeyaacha kwa sababu ya aibu anaumia mara mbili.

2.
Tuanze na ugonjwa wenyewe. Unaitwa fibromialjia. Najua jina lake linauma ulimi, lakini dalili zake wengi mnazijua.

Maumivu yamesambaa mwilini, juu na chini, kulia na kushoto, kwa miezi mitatu au zaidi. Unalala usiku kucha unaamka umechoka kama uliyekesha msibani. Unaingia jikoni unasahau ulifuata nini. Mtoto akikukumbatia kwa nguvu, inauma. Vipimo vinarudi safi: damu iko sawa, picha ya mifupa iko sawa. Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Mvivu huyo." "Anakwepa shamba." "Karogwa na mke mwenza."

Ugonjwa huu upo duniani kote. Makadirio ya kawaida ni watu 2 hivi katika kila 100, na wanawake ndio wengi wanaogundulika nao. Mwaka 1990 madaktari wa magonjwa ya viungo wa Marekani waliweka vigezo vya kuutambua: walikuwa wakibonyeza sehemu 18 za mwili, na mgonjwa akiumia kwenye 11 au zaidi, ndio huo. Mwaka 2010 wakatoa vigezo vingine ambavyo havitegemei kubonyezabonyeza, vinaangalia pia uchovu, usingizi na kusahau. Mwimbaji Lady Gaga mnayemsikia redioni amesema hadharani kuwa anao, na mwaka 2018 alikatisha ziara yake ya Ulaya kwa sababu ya maumivu makali. Pesa anazo, madaktari anao, na bado mwili ulimshinda. Sasa wewe unayeamka saa kumi na moja kwenye baridi ya huku kwetu, mtoto mgongoni, jembe begani, nani amekuambia ni uvivu?

Na sikiliza hili, maana ndilo la kumjibu anayekucheka: mfumo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa kupanga magonjwa, ulioanza kutumika Januari 2022, umeuweka ugonjwa huu kwenye kundi la maumivu sugu. Haukuwekwa kwenye magonjwa ya akili.

3.
Lakini kabla hujajipachika jina la fibromialjia, tulia kwanza. Mwili kuuma kuna sababu nyingi, na nyingine zina tiba yake kabisa. Upungufu wa damu unachosha na kuumiza. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango, mwili unauma. Baridi yabisi inavimbisha viungo. Na huku tunakofuga ng'ombe na mbuzi kuna bruselosisi, ile homa inayotupa mimba za mifugo. Binadamu anaipata kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu, na inauma viungo kwa miezi. Mwambie daktari kama unafuga. Usisubiri akuulize.

Ukiona viungo vimevimba na vina moto, homa haikatiki, unapungua uzito bila sababu, au mguu unakufa ganzi na kukosa nguvu, usikae nyumbani ukisema ni fibromialjia. Nenda.

Kinachonisikitisha ni ule mzunguko tunaoujua wote. Mama analalamika mwili, anapimwa malaria, hakuna. Basi ni taifodi. Sio taifodi? Basi ni UTI. Anapewa antibiotiki, wiki mbili baadaye yuko palepale, anapewa nyingine. Katikati ya hapo anameza diklopa asubuhi na jioni kama karanga, na siku ikizidi anaenda kuchomwa sindano ya diklofenaki.

Sasa diklofenaki ni dawa nzuri kwa kazi yake, kwa mfano mguu ulioteguka. Kwa fibromialjia haina msaada wa maana, kwa sababu hakuna kidonda wala uvimbe wa kutuliza. Ukiimeza mwaka mzima inakutoboa tumbo na kuchosha figo, na mjamzito ndio kabisa asiiguse bila kuandikiwa. Prednisoloni, vile vidonge vya kunenepesha mashavu, navyo havitibu huu ugonjwa. Mwaka 2021 taasisi inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, NICE, ilisema wazi kuhusu maumivu sugu ya aina hii: madaktari wasianzishe parasetamoli, wasianzishe diklofenaki na ndugu zake, wasianzishe dawa kali za jamii ya mofini. Zilizoruhusiwa kufikiriwa ni dawa za sonona, amitriptilini ikiwemo.

Yaani dawa tunayoikimbia ndiyo iliyopendekezwa, na ile tunayoitafuna kila siku ndiyo iliyokatazwa.

4.
Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo mgogoro ulipo.

Mama zangu, dawa haina ndoa na ugonjwa mmoja. Hebu tuangalie leba tu. Misoprostoli ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Leo ni moja ya dawa zinazookoa mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Umewahi kusikia mama akigoma, "Mimi sina vidonda vya tumbo, sinywi"? Aspirini uliyokuwa ukimpa bibi kwa kichwa, leo mjamzito aliye kwenye hatari ya kifafa cha mimba anaandikiwa dozi ndogo kila siku. Propranololi ya presha hutumika pia kuzuia kipandauso. Karbamazepini ya kifafa hutuliza maumivu makali ya neva ya uso. Hakuna anayeshtuka.

Na dawa za sonona zenyewe, mnajua mojawapo ya mwanzo wake? Kifua kikuu. Mwaka 1952, kwenye hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa TB walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Wauguzi na madaktari wakashangaa: watu waliokuwa wamelala kimya wakaanza kucheka, kula na kutembeatembea wodini. Ndipo watafiti wakaanza kuichunguza kwa ajili ya sonona. Kwa hiyo kama ni suala la jina la kwanza, hiyo tungeiita dawa ya kifua mpaka leo.

Amitriptilini yenyewe iliingia sokoni mwaka 1961. Leo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeandikwa sehemu mbili: kwa sonona, na kwa tiba shufaa, ile ya kutuliza mateso ya wagonjwa mahututi. Ipo pia kwenye orodha ya dawa muhimu ya taifa letu. Sio dawa ya kificho.

Nami niseme jambo jingine hapa, maana sitaki kuwatetea wengine kwa kuwaumiza wengine. Hata kama ungepewa kwa ajili ya sonona yenyewe, aibu iko wapi? Sonona ni ugonjwa. Mama aliyejifungua akalia wiki tatu bila kujua kwa nini anaumwa, kama anavyoumwa mwenye malaria. Na wenye maumivu sugu wengi hupata sonona pia, maana nani ataumia miaka miwili abaki anacheka? Ukiwa nayo yote mawili, sema yote mawili. Utatibiwa vizuri zaidi.

5.
Inafanyaje kazi? Nitasema kwa lugha ya nyumbani.

Maumivu ni kama mbwa wa kulinda boma. Mwizi akija, anabweka, unaamka, unajiokoa. Ni mbwa mzuri. Sasa kwenye fibromialjia, mbwa huyu amekosa utulivu: jani likianguka anabweka, kuku akipita anabweka, upepo ukivuma anabweka usiku kucha. Mwizi hayupo, ndio maana vipimo ni safi. Lakini kelele unazisikia kweli, na hulali kweli.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo kuna kemikali zinazomtuliza huyo mbwa. Mbili kati yake zinaitwa serotonini na noradrenalini. Ni hizohizo zinazohusika na hali ya moyo wako, furaha na huzuni. Ndio maana dawa moja inagusa kote kuwili. Amitriptilini inazifanya zikae kazini muda mrefu zaidi. Juu ya hapo inaleta usingizi, na mwenye fibromialjia akipata usingizi wa kweli, nusu ya vita ameishaishinda.

Dozi nayo ni tofauti. Kwa sonona, mtu mzima hufikishwa kwenye miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Kwa maumivu huanzwa chini kabisa, 10 hadi 25, mara moja usiku, na ikibidi hupandishwa polepole. Hata kwa kuangalia karatasi yako utaona, hukuandikiwa dozi ya sonona.

6.
Sasa ukweli mchungu, nisije nikaonekana nauza dawa.

Sio muujiza. Wataalamu waliojumlisha utafiti wa amitriptilini kwa fibromialjia wanakadiria hivi: wagonjwa 4 hivi wakitumia, 1 ndiye anayepata nafuu kubwa inayotokana na dawa yenyewe. Wengine hupata nafuu kidogo, wengine hawapati. Dawa nyingine ya jamii hii, duloksetini, iliidhinishwa Marekani kwa fibromialjia mwaka 2008, lakini wakala wa dawa wa Ulaya aliikataa kwa kazi hiyo mwaka huohuo, akisema faida yake ni ndogo. Kwa hiyo hata wakubwa wanabishana.

Na haifanyi kazi kesho. Wengi huacha siku ya tano wakisema "haijanisaidia, imenilaza tu". Mpe wiki nne hadi sita, kwa dozi uliyopangiwa, ndipo urudi mseme na daktari: tuendelee, tupandishe, au tuache. Ikiwa haikusaidii, kuiacha kwa utaratibu ni haki yako. Ninachokataa ni kuiacha kwa sababu jirani amekutisha.

7.
Kipande hiki mkihifadhi, maana ni cha usalama.

Meza usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala. Mdomo kukauka, kukosa choo, usingizi wa asubuhi na kuongezeka uzito hutokea. Kunywa maji, kula mboga na matunda. Ukiamka usiku kwenda kwa mtoto, kaa kitandani kwanza, usiinuke ghafla, maana kizunguzungu kitakuangusha naye. Na siku za mwanzo, usilale na kichanga kitanda kimoja ukiwa na usingizi mzito wa dawa.

Pombe, iwe ya ndizi, ya dukani au gongo, usichanganye. Tramadoli usichanganye.

Una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, kifafa, mkojo unaobana, au uliwahi kupata kipindi cha kuchangamka kupita kiasi? Sema kabla ya kuanza. Na siku ukiugua malaria, mwambie anayekutibu kuwa unameza amitriptilini, kwa sababu baadhi ya dawa za malaria, Alu ikiwemo, zikikutana nayo zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Huyo ndiye ataamua, sio wewe kuacha dawa ya malaria.

Mjamzito au unanyonyesha? Usianze mwenyewe, na kama tayari unatumia usikate ghafla. Njoo kliniki tuongee. Dawa inapita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo, na akina mama wengi huendelea kunyonyesha, lakini lazima mtoto aangaliwe: akilala kupita kawaida au kushindwa kunyonya, mlete.

Wenye umri chini ya miaka 25, wiki za mwanzo nyumba nzima iwe macho. Mawazo ya kujidhuru yakija, ni dharura, uje siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Na hili naliandika nikiwa nimesimama: FICHA HIVYO VIDONGE MBALI NA WATOTO. Juu, ndani ya kitu kinachofungwa. Sio chini ya mto, sio kwenye pochi ya kanga, sio dirishani. Vidonge vichache tu vya amitriptilini vinaweza kusimamisha moyo wa mtoto mdogo. Mtoto akimeza, usisubiri atapike, usimpe maziwa ukisema vitayeyuka. Kimbia hospitali na pakiti mkononi. Wala usimgawie dada yako "naye anaumwa mgongo". Hii sio chumvi.

8.
Sasa akina baba, na akina mama wakwe, kaeni karibu.

Mwaka 2017 jumuiya ya wataalamu wa magonjwa ya viungo ya Ulaya ilitoa mapendekezo ya kutibu fibromialjia. Dawa walizikubali kwa nguvu ndogo. Kitu kimoja tu walikipendekeza kwa nguvu zote: mazoezi.

Najua mtakachosema. "Nesi, mke wangu analima toka Januari, mazoezi gani tena?" Hapana, baba. Kupalilia maharage siku nzima umeinama, kubeba kuni, kuchota maji, kisha kulala siku mbili huwezi kuinuka, hayo sio mazoezi. Ni kuuchapa mwili uliokwisha chapwa. Mazoezi yanayotibu ni ya kiasi na ya kila siku: kutembea dakika kumi kwa mwendo wa kawaida, wiki ijayo kumi na tano, kunyoosha viungo asubuhi, kupumzika kabla hujachoka kabisa badala ya baada. Sasa mwili huo utapata wapi nafasi ya kutembea taratibu kama ndoo zote ni zake, kuni zote ni zake na mtoto yuko mgongoni mwake saa zote?

Kwa hiyo kwa maoni yangu, dozi ya mke wako ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iko kwenye pakiti, ya pili iko mikononi mwako. Beba maji. Mbebe mtoto, hautapungua uanaume. Mwache alale saa zake. Mama mkwe akianza "enzi zetu hatukuwa na haya", wewe ndiwe wa kusema, "Mama, ni ugonjwa, daktari kaeleza." Neno lako moja hapo lina nguvu kuliko miligramu nyingi.

Na wewe uliyenunua kitabu cha ushirikina kichwani, ukampeleka kuchanjwa chale mgongo mzima: zile chale nazo zinauma, na wembe wa kushirikiana unaleta mengine mabaya zaidi.

9.
Mwisho nawageukia wenzangu wenye sare nyeupe, na nyie wa maduka ya dawa, maana najua mnasoma.

Mama akitoka kwetu na amitriptilini bila maelezo, tumempa nusu ya matibabu. Atafika dukani, au mtoto wake wa sekondari ataangalia kwenye simu, atasoma "sonona", na hapo tumempoteza. Dakika mbili zinatosha. Mwambie: hii inajulikana kama dawa ya sonona, lakini wewe nakupa kwa maumivu, dozi yake ni ndogo, itachukua wiki kadhaa, utasinzia mwanzoni, usiache ghafla. Ukimwambia mwenyewe kwanza, maneno ya wengine hayatamtikisa. Muuzaji wa duka, kazi yako ni kusoma cheti na kuuliza, "Daktari alikueleza matumizi?" Kumtangaza mtu kichaa mbele ya foleni sio kazi yako.

Na wewe mama uliyesoma mpaka hapa huku umeegemea ukuta kwa sababu mgongo unawaka: nakuamini. Maumivu yako ni ya kweli. Kama kile kipakiti bado kiko kabatini, kitoe, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, halafu nenda nacho kwa aliyekuandikia umuulize maswali yako yote bila woga. Na baba watoto aende naye, tafadhali. Safari ya Kasulu mtu akiwa na maumivu ni ndefu, na maelezo ya daktari yakisikiwa na masikio manne hayapotei njiani.

Kipande kijacho: usingizi wa mama mwenye mtoto mchanga. Leteni maswali. Msambazie dada yako, lakini zaidi, mtumie mume wake.